Msumeno wa betri ulinirukia. Nirudi kwenye msumeno wa mkono?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala, nipo Ujiji. Natengeneza vitanda na kupaua nyumba, na kazi zikipungua nakwenda Kibirizi kurekebisha boti za wavuvi. Shemeji yangu aliniletea kutoka Dar msumeno wa mviringo wa betri, volti 18, umeshatumika. Kava la chini lilikuwa linakwama kwama, na mzee aliyenifundisha kazi akanishauri nilifunge kwa waya libaki juu, kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya. Wiki iliyopita nilikuwa nakata ubao mbichi wa boti, nimeulaza juu ya stuli mbili, nafuata mstari unaopinda kidogo. Nilipofika katikati msumeno ukalia, ukakwama, halafu ukaruka kunirudia. Ulichana suruali pajani, ngozi haukugusa. Tangu siku hiyo nikiushika mkono unatetemeka. Je, mashine ni mbovu? Nilidhani ya betri haina nguvu kama ya umeme. Rafiki yangu anasema niiuze, ninunue grenda niifunge bledi ya mbao, eti inafanya kazi zote. Au nirudi tu kwenye msumeno wa mkono?"*

Marahaba kijana wangu, na pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, nenda uchomoe betri kwenye huo msumeno, kisha ukate ule waya. Ukimaliza urudi tuongee.

Mkono kutetemeka usikuonee haya. Fundi aliyerukiwa na bledi halafu asitetemeke ndiye anayenitia wasiwasi. Ila nadhani unaiogopa mashine kwa sababu isiyo yake. Unauliza kama ni mbovu, na kwa maelezo uliyotoa, mota yake haina kosa. Msumeno ulikurukia kwa sababu ya jinsi ubao ulivyoegemezwa na kwa sababu ya mstari uliokuwa unaufuata. Lile kava lililofungwa waya halikusababisha mruko. Lilichofanya ni kuuacha mruko huo ufike kwenye paja lako na meno wazi.

Tuanze na hilo la betri, maana nalisikia kila mahali. Watu wanaona hakuna waya ukutani, wanadhani ni kama drili ya kufungia skrubu. Msumeno wa volti 18 wenye bledi ya milimita 165 huzunguka mara 4,000 hivi kwa dakika, mingine hufika 5,000. Piga hesabu: kwa mizunguko 4,000, jino la bledi linakwenda zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Nyama haijui kama umeme umetoka TANESCO au kwenye betri. (Na ukikuta dukani boksi limeandikwa volti 20, usiongezewe bei kwa hilo. Ndani kuna seli tano zilezile. Zikiwa zimejaa zinasoma karibu volti 20, zikiwa kazini zinasoma 18.)

Tena kuna upande ambao ya betri ni ya hatari zaidi. Ya waya, ukichomoa plagi unaona kwa macho kwamba imekufa. Ya betri inabaki hai popote ulipoiweka: kwenye benchi, kwenye mfuko wa vifaa, mikononi mwa mtoto aliyekuja kukuletea uji. Kitufe cha usalama kilicho juu ya swichi kinasaidia, lakini nimeona mafundi wakikibana kwa mpira ili wasisumbuke. Kwa hiyo iwe tabia isiyo na mjadala: unabadilisha bledi, unasafisha, unapima kina, unapanda nayo bodaboda, betri iko nje.

Sasa tuje kwenye teke lenyewe, yaani ule mruko. Geuza msumeno wako, ukiwa hauna betri, utazame mshale uliochorwa kwenye kava la juu. Utaona kwamba meno ya mbele yanapanda kutoka chini ya ubao kwenda juu, na yale ya chini kabisa yanakwenda mbele, kukuacha wewe nyuma. Maana yake bledi ni kama gurudumu la pikipiki lililowekwa gia ya kukujia. Ikiwa ndani ya mkato wenye nafasi, inatafuna mbao na kutema unga, haina kitu cha kukamata. Lakini mbao ikiibana pande zote mbili, gurudumu limepata barabara. Linapanda kutoka kwenye mkato na kukimbia kuelekea alipo mshikaji. Wewe ulikuwa umesimama hapohapo kwenye mstari wake.

Ni nini kiliibana? Ulilaza ubao juu ya stuli mbili, moja kila mwisho, ukakata katikati. Ubao mbichi ni mzito. Kadiri ulivyozidi kuukata ndivyo nguvu zake katikati zilivyopungua, ukaanza kulegea kwenda chini, na ulipolegea midomo ya mkato kwa juu ikasogeleana. Jambo hili unalijua tangu ukiwa mwanafunzi: msumeno wa mkono nao hubanwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wa mkono ukibanwa unasimama, unatukana kidogo, unachomeka kabari, unaendelea. Wa mashine hausubiri kabari.

Ule mlio uliousikia kabla haujaruka ulikuwa ni bledi ikianza kubanwa, mota ikihangaika. Siku nyingine ukisikia sauti inashuka, achia swichi papo hapo, ushikilie msumeno palepale ulipo mpaka bledi isimame kabisa. Usiuvute nyuma ukiwa bado unazunguka. Wengi wanaumia hapo, wanapojaribu kuurudisha ili waingie upya. Ukishasimama, utoe, utafute kilichobana, uchomeke kabari, halafu uwashe ukiwa nje ya mbao kabla ya kuingiza bledi tena kwenye mkato. Na betri ikiwa inakaribia kuisha, ibadilishe mapema. Betri dhaifu inaifanya bledi isimame katikati ya mbao, na fundi mwenye haraka ataiwasha humohumo.

Namna ya kuegemeza ni hii, na naomba uisome taratibu kwa sababu humu ndimo ulimo usalama wako zaidi ya mahali pengine popote. Kipande kinachokatwa lazima kiwe na njia ya kuondoka. Kama unakata kipande kifupi mwishoni mwa ubao, weka stuli zote mbili chini ya upande unaobaki, ubane kwa klampu, ukate nje ya stuli, kipande kianguke chenyewe. Sahani ya msumeno (lile bapa la chini linalotulia juu ya mbao) ikae upande uliobanwa, si upande unaoanguka. Kama lazima ukate katikati ya ubao mrefu, stuli mbili hazitoshi. Weka nne, mbili kila upande wa mstari, karibu na mkato. Kama stuli huna, tandika mbao chakavu chini kwenye ardhi iliyo sawa, ulaze ubao wako juu yake ukiwa umeegemea urefu wote, ukate hapo. Bledi itachana kidogo zile chakavu, na ndiyo kazi yake. Kuchana ubao kwa urefu, kabari nyembamba ya mbao ichomekwe nyuma ya msumeno kila unaposonga hatua moja, hasa kwa mbao mbichi. Mbao mbichi ina mivutano ndani, ukiipasua inaweza kujifunga yenyewe hata ikiwa imeegemezwa vizuri. Baadhi ya misumeno ina kisu kidogo nyuma ya bledi cha kuzuia mkato usijifunge. Ya betri mingi haina, ndiyo maana nasisitiza kabari.

Halafu kina. Nina uhakika bledi yako ilikuwa imeshushwa yote. Msumeno wa bledi ya milimita 165 unakata mpaka milimita 55 hivi, na ubao wa boti wa inchi moja una milimita 25. Hizo 30 zilizobaki zilikuwa zinazunguka hewani chini ya ubao, karibu na mapaja yako, bila kazi. Legeza ile nati ya pembeni, simamisha bledi ubavuni mwa ubao, acha meno yatokeze chini kwa milimita 5 au 6, pungufu kidogo ya unene wa penseli. Kaza. Inachukua nusu dakika.

Mstari unaopinda ni kosa la pili, na hili kwa fundi boti ni gumu kulikwepa kwa sababu boti haina mstari ulionyooka. Bledi ya mviringo ni sahani ya chuma. Inakwenda moja kwa moja tu. Ukiilazimisha kupinda, hata kidogo sana, meno ya nyuma yanaacha njia iliyokatwa na kuanza kuuma uso wa juu wa ubao, na hapo msumeno unanyanyuka kukurudia. Kwa mstari wa kupinda tumia msumeno wa mkono, au jigsoo kama unayo. Au fanya walivyokuwa wakifanya mafundi wa zamani: kata mistari mifupi iliyonyooka nje ya alama, kisha umalizie kwa randa mpaka ufike kwenye pindo. Na ukiwa kwenye mbao kuukuu za boti, pitisha kwanza macho na sumaku kutafuta misumari. Meno ya bledi yamechomelewa vipande vigumu nchani, vikigonga msumari vinakatika na kuruka. Hapo miwani si urembo.

Twende kwenye kava. Mzee wako ninamheshimu bila kumjua, kwa sababu amekulea katika kazi. Lakini katika hili simfuati. Kava la chini lina kazi moja tu, kufunika meno mara yanapotoka kwenye mbao, iwe umemaliza kukata au umerukiwa. Lingekuwa linafanya kazi wiki iliyopita, kuna uwezekano mkubwa suruali yako ingekuwa nzima.

Kukwama kwake kuna sababu, na mara nyingi ni uchafu. Utomvu wa paini na unga wa mbao mbichi vikichanganyika vinakuwa gundi kwenye ekseli ya kava. Toa betri, toa bledi, safisha kwa brashi kavu na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, halafu uache hivyo. Usipake oili nyingi, oili inaita unga mwingine. Kisha jaribu: inua kava kwa kidole mpaka mwisho, achia. Lirudi lenyewe, kwa haraka, mpaka chini kabisa, bila kusaidiwa. Rudia msumeno ukiwa umelazwa kwa pembe ya 45, na kwa kina kidogo na kikubwa. Likirudi kwa uvivu, springi imechoka na inabadilishwa. Mpaka ibadilishwe, mashine haifanyi kazi.

Kuna mahali ambapo hata kava zima hukwama, nalo ni mwanzo wa mkato wa mshazari au unapopunguza ukingo mwembamba. Hapo mzee ana haki kulalamika. Ndiyo maana kava lina mkono mdogo pembeni. Utalinyanyua kwa huo mkono, bledi ikishaingia kwenye mbao unaachia, na mkono wako wa pili unarudi kwenye mpini wa mbele. Mikono miwili juu ya msumeno wakati wote, na mwili usimame pembeni ya mstari wa mkato. Mwambie mzee umesafisha na sasa halikwami. Hamna haja ya kubishana. Na siku ukichukua vijana wakusaidie, ujue kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakubebesha wewe mwenye karakana jukumu la kuwakinga.

Rafiki yako na grenda yake. Hapa sina lugha ya kupaka mafuta: usifanye. Najua kwenye karakana nyingi za Kigoma na Tabora utaikuta grenda imefungwa bledi ya meno, kava limetolewa, kijana anachonga mguu wa kitanda cha mninga ameukumbatia. Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na bledi nyingi za mbao hazijatengenezwa kwa kasi hiyo. Soma namba iliyoandikwa kwenye bledi yenyewe. Grenda haina sahani ya kutulia juu ya mbao, haina kava linalojifunga, mpini wake ni wa kushikia jiwe la kusagia chuma. Ikibanwa haina pa kwenda isipokuwa kwako, na kwa jinsi inavyoshikwa inakuja usoni, shingoni au kwenye mapaja. Watengenezaji wa grenda wenyewe huandika katika vitabu vyake kwamba bledi za meno zisifungwe. Ukiniambia uchague kati ya grenda hiyo na msumeno wa mkono wenye kutu, nitakununulia tupa unoe wa mkono.

Kwa hiyo niuze, nirudi nyuma, au nibaki? Kwa kazi unayofanya, ningebaki nao. Kukata mbao za kenchi na papi za paini, mbao kavu, mikato iliyonyooka, msumeno wa betri unakuokolea nusu siku, na umeme ukikatika hujali. Ila kenchi zikate chini kabla hazijapanda. Juu ya paa huna mahali pa kuegemeza ubao wala pa kusogeza mguu. Kwa vitanda, kama kazi ni nyingi na umeme upo, hatimaye utahitaji msumeno wa mezani, maana kuchana mninga au mkurungu mnene kwa betri ni kuichosha betri na wewe. Kwa boti, wacha msumeno wa mkono ubaki na kazi yake. Fundi mwenye misumeno miwili na akili ya kujua lini atumie upi hajarudi nyuma.

Kabla hujaanza tena, kuna mambo ya kutazamwa na mtu mwingine, ana kwa ana. Bledi ikizunguka inayumba? Sahani imepinda? Ukiachia swichi bledi inachukua muda mrefu kusimama, ilhali mashine hiyo ilitengenezwa ikiwa na breki? Kuna harufu ya kuungua? Huo ni msumeno wa mtumba na hujui aliyeutumia aliuangusha mara ngapi. Mpelekee fundi wa mashine anayeaminika, au nenda VETA Kigoma uwaombe walimu wa useremala wautazame na wakusimamie ukikata mikato michache. Huo mkono unaotetemeka utatulia haraka zaidi ukiwa na mtu pembeni. Anza na ubao mwembamba, mkavu, uliobanwa vizuri.

Mengine kwa kifupi. Miwani na vya kuziba masikio, ndiyo. Glovu zinazolegea na mikono mirefu ya shati, hapana. Vumbi la mbao si la kudharau, limo kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, kwa hiyo vaa barakoa inayobana uso, siyo kitambaa cha shingoni. Betri usiiweke mfuko mmoja na misumari. Misumari ikigusa vichwa vya betri, betri inaweza kuwaka moto. Usiiache juani wala kuichaji ikiwa bado ya moto. Ikivimba, kazi yake imekwisha.

Na ikitokea umekatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila mara, mkono uwe juu. Usiweke majivu, kahawa wala mafuta ya taa. Damu ikikataa kusimama, au ikisimama lakini kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, usilale nyumbani. Huenda kano au neva imekatika, na hilo ni la hospitali ya Maweni siku hiyohiyo, pamoja na sindano ya pepopunda. Kipande kilichokatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Kuna barafu ya kutosha kwa wauza samaki, tuma mtu akimbie.

Ukishalirekebisha kava, nitumie namba mbili zilizoandikwa kwenye bledi uliyonayo, kipenyo cha nje na cha tundu la katikati, na uniambie ina meno mangapi. Kama ni 40 au zaidi na ndiyo unayochania mbao mbichi, imekuchosha bure. Kwa kazi hiyo tutatafuta ya meno 24.